Waliobeba Paa

Boriti haitazamwi. Hukatwa kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, upande wa Salale, Mbwera au Msala, huhesabiwa kwa korija, husubiri maji yajae ili chombo kielee, na baada ya hapo maisha yake yote huwa juu ya vichwa vya watu. Kwa karne nyingi miti ya delta hii imebeba dari za nyumba za mawe za Unguja, na ng'ambo ya bahari dari za miji ya Ghuba ambako jangwa halikuwapa watu mti wa kuezekea. Wakataji wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anayelala chini ya dari hana haja na jina hata moja. Hata hivyo chumba chake kina upana ule tu ambao mti ulikubali. Marefu yake yakawa ya kutosha kupokea wageni na kufanyia harusi, lakini mapana yaliamuliwa matopeni, na mtu aliyezama hadi magotini na shoka mkononi, ambaye pengine hakuwahi kuuona mji wenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wazee wakifikiria majahazi. Kuhusu vinavyobebwa juu yetu hawakuhangaika sana kutunga methali.

Hilo ni jambo la kukumbuka kila inapotajwa tamthilia ya muziki inayofufua klabu ya kale ya watu weusi. Ni aina ya mchezo ambayo majukwaa makubwa ya dunia yameipenda. Pazia hufunguka, bendi imevaa suti nyeupe, mwimbaji wa kike anashuka ngazi katika gauni la kumetameta, na kwa saa mbili tunaonyeshwa jinsi alivyopanda, alivyopendwa, alivyodhulumiwa na alivyoshuka. Watazamaji husimama wakapiga makofi, na wana haki, kwa sababu nyimbo ni nzuri na waliozipiga kwanza walinyimwa makofi mengi walipokuwa hai. Hoja yangu ni kwamba mchezo wa aina hii, ukiachwa ufuate mazoea yake, huwaenzi waliosimama kwenye mwanga na kuwapoteza waliolibeba paa. Sisi watu wa mwambao, tukitaka siku moja kuziweka jukwaani klabu zetu za ngoma, taarabu na dansi, tuanze na wanachama. Nyota watakuja wenyewe.

Tazama Cotton Club ya Harlem, New York. Ilifunguliwa mwaka 1923 chini ya Owney Madden, jambazi aliyetajirika kwa pombe ya magendo. Wapiga muziki, wachezaji na wahudumu walikuwa weusi. Wateja waliokaribishwa mezani walikuwa weupe. Duke Ellington aliongoza bendi ya nyumba pale kuanzia 1927 hadi 1931, katika ukumbi uliopambwa kwa kuiga mashamba ya watumwa na misitu ya kubuni. Klabu ilikufa mwaka 1940. Mwaka 2013 Broadway ikapata After Midnight, onyesho lisilo na kisa hasa: nyimbo na dansi za zama zile zimepangwa moja baada ya nyingine, bendi kubwa iko jukwaani, na maneno ya mshairi Langston Hughes yanasikika katikati. Kama muziki, sioni wa kulilalamikia. Lakini mlango, ule uliochagua nani aingie na nani abaki kwenye baridi ya barabarani, haukupewa uzito unaostahili, wakati mlango ndio uliokuwa kiini cha Cotton Club. Nyimbo zile zingeweza kupigwa kwingine Harlem na zilipigwa. Jirani aliyesikia tarumbeta ya mwanawe ikiburudisha wageni na yeye haruhusiwi kukaa, huyo hakupata nafasi mwaka 1927, wala sioni kwamba aliipata mwaka 2013.

Karibu nasi zaidi kuna mfano ambao ni mgumu kuuhukumu. Tarehe 2 Februari 1959, katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ulifunguliwa mchezo wa King Kong, muziki wake ukiwa umetungwa na Todd Matshikiza. Ni kisa cha bondia Ezekiel Dlamini, lakini roho yake iko katika kilabu cha pombe kiitwacho Back of the Moon, na mwenye kilabu aliigizwa na Miriam Makeba. Watu wa rangi zote waliweza kukaa pamoja kwa sababu ukumbi ulikuwa wa chuo kikuu. Kwingineko mjini isingekuwa rahisi. Wakati waigizaji wakiimba, Sophiatown, mtaa uliozaa vilabu vya namna ile, ulikuwa umeanza kubomolewa tangu 1955. Kwa hiyo mchezo ulikuwa ukiigiza nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zikianguka wiki hizo hizo. Mwaka 1961 ukapelekwa London, na baadhi ya waigizaji hawakurudi. Mchezo wenyewe ulimfuata bondia: mtu mmoja, ndondi zake, wivu wake, kisu chake. Tunamjua Dlamini na tunamjua Makeba. Wale waliokuwa wakiingia pale kila Ijumaa na mshahara mkononi, wakalifanya genge la pombe haramu kuwa mahali pa kujiona watu kamili, wamebaki kuwa kelele za nyuma.

Sasa tuje kwetu. Kibiti, mji wa upande wa delta ile, iko kwenye barabara ya Kilwa, na barabara hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikipeleka watu upande mmoja kuliko mwingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kutoka kusini ya mto Rufiji alingoja pantoni Ndundu, na mvua zikizidi alingoja sana. Walivuka hata hivyo. Katika miaka ya 1950 Warufiji na Wandengereko walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi wa Dar es Salaam, wakibeba mizigo bandarini, wakiuza samaki, wakipanga vyumba Kariakoo na Ilala. Mji haukuwataka baada ya kazi. Ndipo vikaja vyama. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930; mwaka 1958 Ahmed Kipande akaanzisha Kilwa Jazz; Western Jazz ikabeba jina la jimbo la magharibi walikotoka waasisi wake. Majina hayo ni ramani ya watu waliohama. Kila kimoja kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi na ada, na mara nyingi gitaa na tarumbeta vilikuwa mali ya chama: mpigaji akihama, chombo kinabaki. Huo ndio muundo ambao mchezo wa nyota hauna mahali pa kuuweka. Mweka hazina hana wimbo. Anayezunguka na daftari akidai ada ya mwezi hapendezi chini ya taa. Lakini bila yeye hakuna nyuzi za gitaa, hakuna kodi ya ukumbi, na mwanachama akifa ugenini hakuna sanda.

Anayedhani daftari hilo ni jambo dogo amtazame Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU na kuuliza wanawake wako wapi, chama hakikuwa na jibu la kujivunia. Bibi Titi akapewa kazi ya kulitafuta. Hakuanzia kwenye mikutano ya hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake ambao kila mmoja alikuwa na watu wake, na neno likisemwa kwake jioni, asubuhi limeshafika. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Susan Geiger, aliyeandika kitabu kuhusu wanawake wa TANU, alikwenda kuwasikiliza wenyewe, na anachokionyesha ni kwamba vikundi vile vilikuwa vimevuka ukabila kabla ya wanasiasa kuanza kuuhubiri umoja. Wanawake waliozoea kuchanga kwa ajili ya sare na karamu, kuchagua kiongozi na kumwondoa, kukaa pamoja Mzaramo na Mmanyema na Mrufiji, hawakufundishwa chama na TANU. TANU ndiyo iliyokuta chama kimeshaundwa, kikaazimwa. Ukimweka Bibi Titi jukwaani peke yake, na sauti yake ile iliyosifika, umeigiza nusu ya ukweli, tena nusu nyepesi.

Hapo atasimama mtu wa tamthilia na pingamizi la haki. Mchezo, atasema, hauchezwi na orodha ya wanachama. Mtazamaji anataka uso mmoja wa kuufuata, anataka kujua huyu binti atapata au atakosa. Ukimletea mweka hazina na daftari atatafuta mlango wa kutokea. Ni kweli kwa mchezo uliozaliwa Broadway. Si lazima iwe kweli kwetu, kwa sababu sanaa zetu zina njia nyingine ya kugawa uzito. Katika ngoma, anayeanzisha wimbo hana wimbo mpaka wengine waitikie. Katika taarabu msikilizaji huinuka kitini, hutembea polepole mpaka mbele, hutunza, na kwa noti ile anaufanya ubeti kuwa wake, akimlenga jirani ambaye ukumbi mzima unamjua. Kwa dakika hiyo mwimbaji ni mjumbe na aliyetunza ndiye msemaji. Mcheza kwao hutunzwa, na huyo anayetunza amekwishaingia mchezoni. Wala jukwaa la kisasa la Kiswahili halikushindwa kuubeba umma. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, imechota kisa chake hapa hapa Rufiji, Ngarambe, ambako watu wa kabila hili na lile walifuata maji ya mganga Kinjeketile, na mganga huyo akanyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Nguvu ya mchezo ule ni kwamba kiongozi anagundua imani aliyoianzisha imeshatoka mikononi mwake na sasa inamilikiwa na wengine. Hussein aliliona tatizo la shujaa na kulifanya kuwa kisa chenyewe. Atakayetunga mchezo wa klabu ana mwalimu hapo, na mwalimu huyo hahitaji viza.

Kuna jambo jingine ambalo mchezo wa nyota hulipita kwa haraka, nalo ni usiku. Klabu, ukiivua mapambo, ni watu waliopata ruhusa ya kuwa nje usiku pamoja. Ruhusa hiyo haijawahi kuwa ya bure. Wakoloni waliweka kanuni za miji zilizopanga saa za Mwafrika kutembea usiku, na ngoma ilitaka kibali. Uhuru ulipokuja kibali hakikufa, kilibadilisha mikono. Novemba 1969 serikali ya Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulibeba Dar es Salaam na Rufiji kwa pamoja, ilipiga marufuku muziki wa soul, mwaka ule ule ambao sketi fupi zilikuwa zikiwindwa barabarani kwa jina la utamaduni wa taifa. Na katika miaka hiyo, baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wa bonde la Rufiji walikuwa wakihamishwa kwenda vijiji vipya vya juu, mbali na mashamba yao. Kijana wa Rufiji aliyekimbilia mjini aliweza kukosa kijiji chake na muziki wake ndani ya miezi michache, vyote kwa amri na vyote kwa manufaa yake. Tukija karibu, mwaka 2017, mauaji yalipoitikisa Kibiti, viongozi wa vijiji wakiuawa majumbani na askari 8 wakiuawa kwa mkupuo mwezi Aprili, bodaboda zilipigwa marufuku Kibiti, Rufiji na Mkuranga kuanzia saa 12 jioni hadi alfajiri. Sisemi amri ile haikuwa na sababu; waliokuwa wakizika walikuwa nayo sababu. Nasema wilaya nzima ilijifunza nini hupotea usiku unapofungwa. Harusi ilimalizwa mchana. Unyago, ambao kukesha ni sehemu ya mafunzo yake, ulipunguzwa kama kanga iliyokatwa upindo. Ngoma ya watoto haikeshi, hunena methali, na hapo watu wazima walirudishwa kwenye saa za watoto.

Mwingine atapinga kwamba delta haikuwahi kuwa na klabu yoyote ya kuandikiwa mchezo. Nyamisati kuna gati ya kwenda Mafia, Jaribu kuna stendi, Kibiti kuna soko. Ukumbi wenye jina hakuna, na mwandishi anaulazimisha mji mdogo kuvaa nguo ya Harlem. Pingamizi hili limejengwa juu ya dhana kwamba klabu ni jengo. Bomba haikuwa jengo. Ilikuwa wanawake, uwanja na mchango. Kwa kipimo hicho kigodoro kinachofungwa leo kwa turubai kati ya nyumba mbili, spika zikapandishwa juu ya meza, vijana wakakesha na singeli, kina damu moja na klabu zile, na ndiyo maana viongozi wa wilaya na mitaa hukipiga marufuku mara kwa mara kwa maneno yale yale yaliyotumika zamani: kelele, uhuni, mmomonyoko wa maadili. Baadhi ya malalamiko ni ya kweli, hasa kwa mwenye mtoto mchanga nyumba ya pili. Lakini inachekesha kidogo kuwaona watu wanaofuta machozi wakisikiliza rekodi za Kilwa Jazz wakiwa wa kwanza kumpigia mjumbe simu kigodoro kikianza. Wanaipenda klabu ikiwa imekufa, kwa sababu iliyokufa hailali mchana wala haivuti umeme wa jirani.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile linalosema kwamba nawatakasa wanachama. Klabu zilikuwa na ugomvi, zilikuwa na wanaume waliowapiga wanawake waliokuwa wakiwaimbia, zilikuwa na waweka hazina waliotoroka na fedha. Mashindano yalifikia watu kuharibiana vyombo na heshima. Kubali yote, halafu uliza mchezo gani unaweza kuyabeba. Mchezo wa nyota hauwezi, kwa sababu ndani yake uovu lazima uwe wa mtu mmoja: meneja mbaya, mume mlevi, polisi. Ubaya wa kundi kwa mwenzao unahitaji jukwaa lenye kundi. Na hapa kisa cha Rufiji kinatoa tukio ambalo mtunzi wa kawaida angelikata kwenye rasimu ya kwanza. Septemba 1965 Watanzania walipiga kura kwa mara ya kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Bibi Titi alisimama Rufiji, na Rufiji ikamkataa. Mwaka 1970 alifikishwa mahakamani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972, na kwa muda mrefu jina lake lilisemwa kwa sauti ya chini, mpaka likaandikwa kwenye barabara ya Dar es Salaam. Katika mchezo wa mazoea, mwaka 1965 ungekuwa dakika mbili za huzuni kabla ya gereza, na wapiga kura wangekuwa wasaliti wasio na uso.

Mimi ningelitaka tukio hilo liwe refu kuliko yote, na liwe lao. Wavuvi wa delta, wanawake wa Ikwiriri na Mohoro waliochanga senti zao miaka kumi nyuma, wakata miti ambao serikali mbili za kikoloni zilikuwa zimewahesabia msitu wao, wote wameshika karatasi, wote wanazijua nyimbo, na wanabishana. Wengine wana sababu nzuri, wengine wana chuki tu, wengine wamemchoka mwanamke mwenye sauti kubwa, wengine wanaona aibu hata kabla ya kuweka alama. Wakiimba hayo kwa kupokezana, bila mwongozaji kutuambia nani mwema, jukwaa litakuwa na uhai ambao gauni la kumetameta haliwezi kuuleta. Na mazoezi yafanyike Kibiti kabla ya Dar es Salaam. Huko wapo wajukuu wa waliopiga kura ile, na waigizaji wakianza kudanganya wataambiwa hapo hapo.